Gari la Theluji katika Tope la Handeni

Msafiri atokaye Korogwe kwenda Handeni siku hizi hana mengi ya kusimulia juu ya njia. Huvuka Mto Pangani, ambao wenyeji huuita pia Ruvu, huiacha milima ya Usambara nyuma yake, hupita Sindeni, na akiisha kwenda kilometa kama 65 juu ya lami huingia Handeni na nguo zake safi. Haikuwa hivyo zamani. Kabla lami haijamalizwa katika miaka ya 2010, safari ile ile wakati wa masika iliweza kumchukua mtu siku nzima, wala hakuna aliyeagana na jamaa zake akisema kwa hakika, "Jioni nitakuwa nimefika."

Lakini lami ni kama uzi mwembamba uliopita katikati ya nchi pana. Ukiiacha kidogo tu, kwa kuume au kwa kushoto, warudi katika nchi ile waliyoijua wazee. Juu ya miinuko udongo ni mwekundu, nao ukilowa huteleza kama ngozi ya kambale. Mabondeni, penye mbuga, udongo ni mweusi. Wakati wa kiangazi hupasuka nyufa ambazo mtoto aweza kuingiza mkono, na wakati wa mvua huwa kama unga uliokandwa, ukashika mguu wa mtu na gurudumu la gari pia. Masika hunyesha kuanzia Machi hata Mei, na vuli kuanzia Oktoba hata Desemba. Na wengi wetu twaikumbuka vuli ya mwaka 2019, jinsi ilivyoharibu barabara na madaraja mahali pengi katika mkoa wetu wa Tanga. Upande wa Korogwe nako, mtu apandaye Bungu au Vugiri au Lutindi hupata taabu ya namna nyingine. Huko hakuna mbuga, ila mteremko mkali, kona juu ya kona, na bonde refu chini ya ukingo wa njia.

Katika njia hizo twaona jambo la kustaajabisha. Gari dogo la abiria, Noah au Hiace, laja limejaa watu na magunia na kuku. Lafika penye tope ambapo gari jingine la sura ile ile limekwama tangu asubuhi. Languruma, layumba, lapita. Watu husema, "Dereva huyu ana dawa." Dawa hana. Tukiinama na kutazama chini ya gari lile, twaona vyuma ambavyo lile lililokwama halinavyo, na sababu ya vyuma hivyo kuwapo ni theluji ya nchi ya Japani. Gari liliundwa kwa ajili ya watu ambao theluji huwafungia njia kila mwaka. Likafika kwetu limekwisha kuzeeka kidogo, likakuta tope. Tumeona vema kuwaeleza wasomaji wetu habari hii, maana wako walimu waulizwao na watoto shuleni, na wako wenye nyumba zao wanaochanga fedha ili wanunue gari la namna hiyo kwa biashara. Hao wapaswa kujua ni kitu gani wanachokinunua, na tena ni kitu gani ambacho fedha zao hazitakinunua.

Theluji sisi twaijua kwa mbali. Wasafiri wa njia ya Moshi huiona juu ya Kibo mawingu yakifunguka. Mwaka 1848 Johannes Rebmann, mmisionari Mjerumani, alipoandika ya kuwa ameona mlima wenye theluji karibu na ikweta, alikuwako mtaalamu huko London aliyemkanusha kabisa, maana aliona haiwezekani. Basi kama huko hawakuweza kusadiki theluji yetu, si ajabu sisi nasi tukiona shida kuiwaza ya wengine. Katika Japani, upande wa magharibi wa kisiwa kikubwa cha Honshu, penye mkoa wa Niigata, na kaskazini katika kisiwa cha Hokkaido, pepo za baridi hutoka Siberia, huvuka bahari na kuchukua unyevu, kisha hugonga milima na kuuangusha unyevu ule kuwa theluji. Mahali pengine hurundikana hata kupita kimo cha mtu. Theluji mpya ni laini kama sufi. Lakini ikikanyagwa na magari mengi hushindiliwa ikawa barafu, na barafu ikiwa na maji kidogo juu yake huteleza kuliko udongo wetu mwekundu.

Watu wa huko, kama sisi, wana wagonjwa wa kupeleka hospitali, watoto wa kupeleka shule, na mizigo ya kupeleka sokoni. Hawawezi kungoja mpaka theluji iyeyuke. Kwa hiyo viwanda vyao hutengeneza gari lile lile la abiria kwa namna mbili: moja livutalo kwa magurudumu mawili, na jingine livutalo kwa yote manne. Na kwa kuwa Japani watu huendesha upande wa kushoto wa njia, kama Tanzania, gari lililotumika huko huletwa kwa meli hata Dar es Salaam, likaingia kazini bila kuhamishwa usukani.

Sasa tofauti ya namna hizo mbili ni nini? Katika Hiace ya kawaida injini hukaa mbele, chini ya viti vya dereva na mwenzake. Nguvu yake hupita katika sanduku la gia, kisha hufuata mti mrefu wa chuma uzungukao, ambao mafundi huuita propela, mpaka nyuma katika difu. Nayo difu huigawanya nguvu kwa magurudumu mawili ya nyuma. Yale ya mbele hayasukumi kitu. Kazi yake ni kuongoza tu. Gari likifika penye utelezi, magurudumu ya nyuma huzunguka mahali pamoja na kuchimba shimo, na ya mbele hukaa kama watu wamtazamao mwenzao akilima.

Ili yale ya mbele nayo yashike jembe, sharti viongezwe vitu vingi. Nyuma ya sanduku la gia huwekwa sanduku la pili, la kuigawanya nguvu. Kutoka hapo hutoka propela ya pili iendayo mbele, na mbele huwekwa difu ya pili. Kutoka difu hiyo hutoka shafti mbili fupi zenye viungo vya kukunjika, mfano wa kifundo cha mkono, ili gurudumu liweze kuzungushwa na injini, na huku likigeuzwa na usukani.

Tena kuna neno moja ambalo wengi hawalifikiri. Gari likikata kona, magurudumu ya mbele hupita duara kubwa kuliko ya nyuma, basi hayana budi kuzunguka zaidi. Kama mbele na nyuma vimefungwa pamoja kabisa, upande mmoja sharti uteleze. Juu ya tope au theluji si kitu, maana ardhi yenyewe yateleza; lakini juu ya lami kavu vyuma hushindana, usukani huwa mzito, na mwisho kitu huvunjika. Kwa hiyo magari mengine yana mkono wa kufungia magurudumu ya mbele wakati wa shida tu, na kuyafungua penye lami. Mengine huvuta kwa manne siku zote, na Hiace nyingi za theluji ni za namna hiyo. Haya yana chombo katikati, chenye sahani nyembamba nyingi ndani ya mafuta mazito. Upande mmoja ukizunguka mbio kuliko mwingine, mafuta yale hushika na kuuburuta ule wa pili. Dereva hana la kufanya. Chombo chafanya kazi chenyewe.

Watu wa Ulaya nao walifanya kazi hii kwa gari tulijualo sana, yaani Kombi ya Volkswagen. Tangu katikati ya miaka ya 1980 hata mwaka 1992 mabodi ya Kombi yalitoka kiwandani Hannover, katika Ujerumani, yakapelekwa mpaka mji wa Graz katika Austria, nchi ya milima na theluji. Na huko kampuni ya Steyr-Daimler-Puch ikayatia viungo vya kuvuta kwa magurudumu manne. Katika Kombi injini ilikuwa nyuma, basi propela ilipelekwa kutoka nyuma kwenda mbele. Gari liliinuliwa kutoka ardhini, na sehemu zake za chini zikaongezwa nguvu zisivunjwe na mawe. Twaitaja kazi hiyo ili msomaji aone ya kuwa kugeuza gari si kufunga chuma kimoja tu. Kiwanda kizima kilihitajika.

Twasema hivi kwa sababu twasikia watu wakiuliza kama gari la kawaida laweza kugeuzwa hapa kwetu. Mafundi wetu si watu wa kudharauliwa. Wale wa Arusha huikata Land Cruiser na kuirefusha iwe gari la watalii, nayo ikafanya kazi miaka mingi. Kugeuza kwawezekana. Lakini mwenye gari na ahesabu kwanza. Difu ya mbele na ya nyuma sharti ziwe na hesabu moja ya meno. Zikitofautiana, magurudumu ya mbele yatataka kwenda mwendo mmoja na ya nyuma mwendo mwingine, na sanduku la kugawanya nguvu litavunjika. Bodi haina budi kuinuliwa ili difu mpya ipate nafasi, na gari lililoinuliwa hupinduka upesi kuliko lililo chini. Uzito huongezeka, na mafuta ya kuliendesha huongezeka pia. Baada ya hesabu hiyo wengi wataona ya kuwa yafaa kulitafuta gari lililozaliwa kwa theluji, kuliko kulilazimisha lililozaliwa kwa lami.

Wala mtu asidhani ya kuwa ufundi wa theluji umeanza kufika Afrika juzi. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza Adolphe Kégresse, fundi Mfaransa, alikuwa akiyatunza magari ya Mfalme Nicholas II wa Urusi. Ili mfalme apite katika theluji, fundi huyo aliondoa magurudumu ya nyuma akatia mikanda mipana izungukayo. Baada ya mapinduzi ya Urusi ya mwaka 1917 alirudi kwao, na kampuni ya Citroën ikauchukua ufundi wake. Magari ya mikanda hiyo yaliingia jangwa la Sahara Desemba 1922, yakafika Timbuktu Januari 1923. Kisha, mwaka 1924, magari manane yaliondoka Algeria yakapita katikati ya Afrika hata Kampala. Hapo yaligawanywa mafungu manne, kila fungu likashika njia yake kuelekea baharini, na fungu moja lilikuja Dar es Salaam mwaka 1925. Basi ufundi uliobuniwa kwa ajili ya theluji ya mfalme ulikanyaga ardhi ya Tanganyika zamani hizo.

Sisi tulipata kuyapima mambo haya kwa macho yetu katika safari moja ya masika. Tulikuwa tukirudi Handeni mjini kutoka kijiji kimoja cha upande wa magharibi, ndani ya Hiace ya kuvuta kwa magurudumu manne, abiria kumi na watatu. Kati yetu alikuwamo mama kijana ambaye siku zake za kujifungua zilikuwa zimewadia, pamoja na mama mkwe wake. Mkunga wa zahanati alikuwa amewaambia wasikawie kijijini, maana mtoto amekaa vibaya tumboni. Waende hospitali siku ile ile. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha.

Penye mbuga ya kwanza tulikuta lori limezama hata ekseli. Dereva wetu alishuka, akapita kwa miguu katika tope tangu mwanzo hata mwisho, akipima kwa fimbo. Kisha alipunguza upepo kidogo katika tairi zote nne ili zikae pana juu ya udongo, akaingia kwa gia ya pili, kwa mwendo mmoja, asiongeze wala asipunguze. Gari lilikwenda upande upande kama kaa, likatoka ng'ambo. Tulipiga makofi. Mzee mmoja akasema, "Gari hili hata mto litavuka."

Baada ya mbuga palikuwa na kilima cha udongo mwekundu. Kupanda tulipanda vizuri. Katika kushuka dereva alikwenda polepole kwa gia ya kwanza, lakini alipogusa breki mara moja tu, gari zima liliteleza kuelekea mfereji, kana kwamba halina gurudumu hata moja. Aliachia breki, akaunyosha usukani, gari likashika tena. Safari hii hakuna aliyepiga makofi.

Chini ya kilima palikuwa na kijito, na juu yake njia ya zege ambayo wakati wa kiangazi watu huvuka bila kulowa. Siku ile maji mekundu yalikuwa yakipita juu ya zege kwa kasi, yakichukua matawi. Dereva alilisimamisha gari mbali na ukingo. Aliingia hatua mbili, huku ameshikwa mkono na kijana mmoja, maji yakampita magoti. Akarudi akasema, "Hapa sivuki."

Abiria wakanung'unika. Yule mzee akamwambia, "Mwanangu, si umetuambia gari hili lavuta kwa magurudumu yote manne?"

Dereva akamjibu kwa heshima, "Ndiyo, baba. Lakini maji yakiliinua, hakuna hata moja litakalogusa chini."

Mama mkwe akasema kwa uchungu, "Na huyu mkwe wangu je? Azalie hapa njiani?"

"Hapana, mama," akasema dereva. "Yeye atavuka. Gari ndilo litakalobaki."

Basi alimpigia simu dereva mwenzake aliyeko mjini, aje mpaka ng'ambo ya kijito. Juu kidogo ya pale palikuwa na daraja la miguu la magogo, lililojengwa na wanakijiji kwa ajili ya watoto wa shule, nalo lilikuwa juu ya maji zaidi ya kimo cha mtu. Tuliazima kitanda cha kamba katika nyumba iliyokuwa karibu, tukamlaza yule mama, na wanaume wanne wakamvusha, wakienda hatua kwa hatua, mmoja akihesabu kwa sauti. Gari la pili lilifika baada ya nusu saa, likamchukua. Sisi tuliobaki tulingoja mpaka jioni maji yalipopungua na zege kuonekana, ndipo tukavuka. Siku ya pili tulipata habari ya kuwa amejifungua kwa kupasuliwa, mtoto wa kike, na wote wawili wazima.

Safari hiyo yatosha kutuonyesha mipaka ya gari hili. La kwanza, magurudumu manne yenye nguvu husaidia kuondoka na kupanda, hayasaidii kusimama. Gari lo lote, hata lile la kawaida, lina breki katika magurudumu yake manne tangu zamani. Basi penye kusimama magari hayo mawili ni sawa, na lile la theluji, kwa kuwa ni zito zaidi, aghalabu si bora. Hatari ni kwamba dereva aliyepanda kwa urahisi hudhani atashuka kwa urahisi. Katika njia za Bungu na Vugiri dhana hiyo yaweza kuua watu.

La pili ni maji. Maji yaendayo kasi, yenye kina cha sentimeta 30 tu, yaweza kulielesha gari dogo. Na yakifika sentimeta 60 huchukua magari mengi, hata makubwa. Tena maji mekundu huficha. Zege iliyokuwapo jana huenda leo imekwisha kuchukuliwa, na mtu aliye juu ya usukani haoni.

La tatu ni tairi. Nguvu yote ya injini hupita mahali padogo panapogusa ardhi, kama kiganja cha mkono kwa kila gurudumu. Japani iliweka sheria mwaka 1990 ya kuzuia tairi zenye misumari, kwa sababu misumari ilikuwa ikisaga lami na kujaza hewa vumbi. Tangu hapo watu wa nchi ya theluji hutumia tairi za mpira laini, zenye mikato midogo midogo mingi ya kushika barafu. Magari mengi hufika kwetu yakiwa na tairi hizo hizo. Mnunuzi akiziona bado nene hufurahi, lakini hazikufanywa kwa jua la Handeni. Mpira wake hulegea juu ya lami ya moto, huisha upesi, na gari hukawia kusimama. Na penye tope mikato ile hujaa udongo ikawa kama haipo. Utazijua kwa picha ya mlima wenye chembe ya theluji, au kwa neno STUDLESS lililoandikwa ubavuni. Tazama pia tarakimu nne za mwisho katika alama ya kiwanda: mbili za kwanza ni juma, na mbili za pili ni mwaka. Mathalani 2316 ni juma la 23 la mwaka 2016. Na kwa gari livutalo kwa manne siku zote, tairi zote ziwe za kipimo kimoja na zimelika sawasawa. Kama sivyo, kile chombo cha katikati hufanya kazi bila kupumzika, kikaungua.

La nne ni kutu. Katika nchi nyingi za theluji watu humwaga chumvi barabarani ili barafu iyeyuke, na chumvi hiyo hurushwa na magurudumu chini ya gari. Bodi yaweza kung'aa juu, na chini chasisi imeliwa. Kwa hiyo anayenunua gari la theluji asiridhike kuzunguka na kutazama rangi. Na alale chali, atazame chini kwa tochi, agonge vyuma kwa nyundo ndogo, asikilize. Mama wa nyumbani ajua kukigonga chungu kabla ya kukinunua. Nasi tufanye hivyo hivyo kwa gari.

Habari ya mwisho yatoka Kanada. Katika mji mdogo wa Valcourt, mkoa wa Quebec, alikuwako fundi wa magari jina lake Joseph-Armand Bombardier. Siku zile barabara za vijiji vya huko zilifungwa na theluji wakati wote wa baridi, na magari yaliwekwa ghalani mpaka theluji iishe. Januari 1934 mwanawe mdogo alishikwa na ugonjwa wa tumbo uliotaka kupasuliwa upesi. Hospitali ilikuwa mbali, theluji imeziba njia, na baba yule, fundi wa magari, hakuwa na gari la kumpeleka mwanawe. Mtoto akafa.

Bombardier alikuwa amekwisha kuanza kujaribu magari ya theluji tangu ujana wake, na baada ya msiba huo alizidi kufanya bidii. Kabla ya mwaka 1940 alikwisha kuuza gari la watu saba, lenye mikanda nyuma na mbao za kutelezea mbele. Kisha akatengeneza la watu kumi na wawili. Waganga walilitumia kuwafikia wagonjwa, posta ilipeleka barua, na watoto walikwenda shule ndani yake. Lakini katika mwaka 1948 serikali ya Quebec iliamuru barabara zisafishwe theluji hata vijijini, na mara biashara ya magari yale ikaanguka. Watu hawakuyahitaji tena kama kwanza, maana njia yenyewe ilikuwa imefunguliwa, na gari la kawaida likapita.

Hapo twapata fundisho kwa ajili ya wilaya zetu mbili. Gari la theluji ni msaada mzuri, nasi twawashukuru wale wanaoliendesha kwa akili. Lakini ni msaada wa wakati njia ni mbovu. Njia ikitengenezwa, hata gari dogo la magurudumu mawili yenye nguvu hupita, kama ilivyo leo kati ya Korogwe na Handeni. Na si kila njia yangoja lami. Tope kubwa huanza kwa mfereji ulioziba: maji yakikosa pa kupita hupita katikati ya barabara, hukaa humo, na magari hulikoroga. Kazi hiyo ya mifereji haishindi nguvu ya kijiji. Wazee wetu waliifanya kwa msaragambo, kila nyumba ikitoa mtu na jembe, na lile daraja la magogo lililomvusha yule mama lilijengwa hivyo hivyo.

Basi twawasihi walimu na wenye nyumba, hasa walio mbali na lami: mwezi wa Februari, kabla masika haijaanza, na tena Septemba kabla ya vuli, tukutane na wajumbe wa vitongoji vyetu tupange siku ya kuzibua mifereji, kujaza mashimo kwa mawe, na kuweka nguzo penye vivuko, zenye alama za rangi zionyeshazo kina cha maji, ili dereva mgeni ajue mahali pa kusimama. Kazi ya siku mbili, kwa majembe tuliyo nayo, yaweza kumfikisha mgonjwa hospitali hata siku ambayo lile gari la magurudumu manne halikupatikana.